Mpango wa Mji ni Mali ya Wenye Mji

Mtu atokaye Goma kuelekea magharibi, ziwa Kivu likiwa mkono wake wa kushoto, hupita juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkeno, na baada ya kilometa 25 hivi hufika Sake. Mji huu si mkubwa, lakini umekaa mahali pa maana sana. Hapo njia hugawanyika: moja yafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, nyingine yapanda milimani kwenda Masisi, na mbele zaidi Walikale, ya tatu yaelekea Kitshanga. Viazi, maharagwe, makaa, mbao na jibini za Masisi, vyote vyashuka hapo, vingine katika malori, vingine juu ya chukudu, kile chombo cha mti chenye magurudumu mawili ambacho vijana wa Kivu hukisukuma wakivuja jasho.

Kwa sababu hiyo karibu kila jambo lipitalo Kivu hupita Sake: biashara, wakimbizi, askari, maradhi na habari. Na baada ya kila msukosuko wenyeji hurudi, hutazama kuta zilizobaki, na kuulizana swali lile lile: Tuanze na nini? Maji? Shule? Daraja? Nyumba ya uzazi? Fedha hazitoshi kwa yote. Nani basi atachagua kitakachotangulia?

Watu wengi hujibu upesi: "Hayo ni mambo ya wakubwa." Twaomba msomaji asikubali jibu hilo kabla ya kusoma habari hii mpaka mwisho. Kuna karatasi moja iitwayo mpango wa maendeleo wa mahali. Karatasi hiyo yapasa kutungwa na watu wa mahali penyewe, na inapohitaji kubadilishwa, yapasa kubadilishwa mbele ya macho yao. Asiyeijua hupangiwa maisha yake na wengine, kisha hulalamika akiwa amechelewa.

MPANGO NI NINI?

Kila mama mwenye busara anajua kupanga. Akivuna mahindi, hayapiki yote siku ile. Hutenga ya kula, ya kuuza ili kulipa karo, na ya mbegu. Mtoto akiugua, hurudi kwenye hesabu yake, huuza debe moja zaidi, na hupunguza jambo jingine. Mpango wa mji ni hesabu ya namna hiyo hiyo, ila nyumba ni nyingi, wenye nyumba ni wengi, na miaka ni mingi.

Katika Kongo mpango wa namna hiyo kwa kawaida hutungwa kwa miaka mitano. Hueleza kwanza mahali palivyo: watu ni wangapi, shule ziko wapi, maji hutoka wapi, njia zipi zapitika wakati wa mvua. Kisha hueleza wenyeji wataka kufika wapi baada ya miaka ile. Mwisho hutaja kazi moja moja, kwa utaratibu, na gharama yake, na mwaka wake, na jina la ofisi itakayoitenda. Kila mwaka kipande kimoja cha mpango hukatwa na kutiwa katika bajeti ya mwaka ule.

Tena mpango mwema hausemi tu mahali pa kujenga; wasema pia mahali pasipofaa kujengwa. Jambo hilo kwa Sake ni la kufa na kupona. Kati ya mwaka 1938 na 1940 moto wa mlima Nyamulagira ulishuka mpaka ukaingia ziwani karibu na Sake. Tena katika mabonde ya kando ya ziwa, toka Goma mpaka Sake, hutoka ardhini ile hewa nzito ambayo wenyeji huiita mazuku. Haina rangi; hulala mabondeni pasipo upepo, nayo imeua watu na mifugo. Mpango usiotaja mabonde ya mazuku waweza kuweka shule juu ya hatari isiyoonekana.

Twakumbuka pia yaliyotokea ng'ambo ya Minova, katika teritwari ya Kalehe, tarehe 4 Mei 2023. Mvua kubwa ilijaza mito, maji na mawe vikashukia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Hakuna karatasi iwezayo kuzuia mvua. Lakini karatasi yaweza kusema mapema: hapa ni njia ya maji, soko lisiwekwe hapa.

MIPANGO ILIYOTOKA MBALI

Watu wa Masisi si wageni wa mipango mirefu. Wameiona mingi, na baadhi yake wangali wakibeba mzigo wake mpaka leo.

Mwaka 1928 serikali ya Kibelgiji iliunda Comité National du Kivu, ikaipa uwezo wa kugawa ardhi kubwa kwa walowezi. Mwaka 1937 ikaanzisha kazi ya kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Masisi, hasa katika nchi ya Gishari. Na katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu waliletwa. Gishari ikapewa utawala wake, kisha utawala huo ukafutwa mwaka 1957. Ofisini mipango hiyo ilikuwa na ramani nzuri na hesabu safi: upande mmoja watu wamezidi, upande mwingine wafanya kazi wamepungua, basi, wahamishwe. Lakini waliohamishwa hawakuulizwa kama ipasavyo, wala wenyeji waliowapokea hawakuulizwa kama ipasavyo.

Hatusemi hayo ili kuamsha chuki, la hasha! Twayasema kwa sababu yana fundisho. Wajukuu wanaogombana leo juu ya shamba moja, babu zao wa pande zote mbili hawakuitwa katika baraza lililochora mpaka wa shamba lile.

Mwaka 1949 ukatangazwa Mpango wa Miaka Kumi kwa Kongo nzima. Haifai kuudharau, kwa kuwa ulileta barabara, shule na hospitali. Hata hivyo ulitungwa mbali na wale waliotungiwa. Wakongo walikuwa hawajapiga kura hata moja. Walianza mwezi wa Desemba 1957, tena katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville.

SHERIA YASEMAJE SASA?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iligeuza jambo hilo. Yasema kwamba miji, komini, sekta na sheferi ni maeneo yenye uwezo wa kujitawala katika mambo yao, na yenye sanduku lao la fedha. Sheferi ni eneo liongozwalo na mwami kwa desturi; sekta ni eneo la makabila mbalimbali ambalo mkuu wake hutakiwa kuchaguliwa. Teritwari, kama Masisi au Walikale, si eneo la namna hiyo. Ni mkono wa serikali ya juu.

Kwa hiyo mtu wa Masisi anapotafuta mahali mpango wake unapotungwa, aangalie ngazi hiyo. Teritwari ya Masisi ina sheferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale, ingawa ni kubwa kupita teritwari zote za Kivu ya Kaskazini, ina sekta mbili tu, Bakano na Wanianga. Sake yenyewe imo katika kundi la vijiji la Kamuronza, katika nchi ya Bahunde.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza kazi ya kila mtu. Wakuu watendaji, yaani mwami au mkuu wa sekta pamoja na wasaidizi wake, hutayarisha mpango na kuutekeleza. Baraza la wajumbe huujadili na kuupitisha. Serikali ya mkoa husimamia, na huangalia kwamba mpango wa mahali haupingani na ule wa mkoa na wa taifa.

Na fedha? Wanafunzi, shikeni kalamu, kwa maana hesabu hii ni rahisi. Katika kila franka 100 za mapato ya taifa, sheria yatenga 40 kwa mikoa. Katika hizo 40, maeneo madogo yana haki ya kupata sehemu 40 kwa mia, yaani franka 16. Nazo hugawanywa kwa kuangalia uzalishaji wa kila eneo, ukubwa wake na idadi ya watu wake. Hiyo ndiyo haki iliyoandikwa. Mara nyingi zilizofika zilikuwa pungufu, au zilichelewa. Lakini mtu asiyejua kwamba anadai 16 hawezi kuuliza kwa nini amepata 2.

Penye madini kuna fungu jingine. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 yagawa ushuru wa migodi hivi: 50 kwa mia ni za serikali kuu, 25 za mkoa, 15 za eneo lenye mgodi, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni yenye mgodi hutakiwa kutoa kila mwaka sehemu ndogo ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji jirani. Sekta ya Wanianga, wenye mgodi wa bati wa Bisie, ina sababu kubwa ya kuwa na mpango mzuri: fedha zaweza kufika, na zikifika pasipo mpango hutawanyika kama maji juu ya mawe ya volkeno.

MPANGO HUTUNGWA HIVI

Tuseme sasa kwamba eneo moja katika milima iliyo juu ya Sake lataka kutunga mpango wake. Kazi huanzaje?

Kwanza, wakuu huwatangazia watu wote kwamba kazi imeanza, na kueleza itakwisha lini. Tangazo hupelekwa sokoni, shuleni, makanisani, misikitini na kwa viongozi wa nyumba kumi. Mpango ulioanzwa kimya kimya huwa na jambo la kuficha.

Pili, hukusanywa habari. Hesabu ya watoto hutoka kwa walimu, ya wagonjwa hutoka kwa wauguzi, na ile ya mashamba hutoka kwa wazee na wakulima. Hapo ndipo uongo mdogo huleta hasara kubwa. Kijiji kikijiongezea watu ili kipate zaidi, visima vitachimbwa pasipo na watu.

Tatu, kila kijiji huketi barazani na kusema shida zake. Wenye uzoefu wa kazi hiyo hupenda kuwaketisha kwanza wanaume mbali, wanawake mbali, na vijana mbali, kisha wote pamoja. Sababu yake ni nini? Tusikilize baraza la namna hiyo. Wanaume wasema kwa sauti moja: "Twataka barabara." Mzee mwenye kiti yuko karibu kuandika barabara. Ndipo mama mmoja aomba ruhusa.

"Baba," asema, "barabara ni njema, nasi twaitaka. Lakini binti zangu huamka saa kumi usiku kwenda kuchota maji, wakafika shuleni masomo yameanza. Mwaka jana walishindwa mtihani wote wawili. Barabara itawapeleka wapi?"

Mzee anyamaza kidogo, kisha ajibu: "Mama, neno lako ni zito. Hatukulisikia kwa kuwa sisi hatuchoti maji." Na karatasi yaandikwa upya, chemchemi kwanza, barabara ya pili. Kama wanawake wangalikaa nyuma ya wanaume, neno lile lisingalitoka.

Nne, shida za vijiji vyote hupelekwa katika mkutano wa eneo zima na kupangwa kwa utaratibu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwani kila kijiji huona shida yake ni ya kwanza. Ni lazima kuwe na vipimo vilivyokubaliwa mapema: kazi hii itafaa watu wangapi? Yaokoa uhai? Nani atailinda ikiisha? Tutaweza kuilipia? Pasipo vipimo hushinda mwenye sauti kubwa au mwenye ndugu ofisini.

Tano, wajuzi huhesabu gharama. Baraza hujadili na kupitisha. Na nakala hupelekwa kwa wakuu wa mkoa. Nakala nyingine, tena katika lugha wanayoisoma watu, yafaa ibandikwe mahali pa wazi. Mpango ulioandikwa kwa Kifaransa tu na kufungiwa kabatini hauwezi kuulizwa na mama wa chemchemi.

Msomaji asifikiri kwamba hayo ni ndoto. Katika Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2011, komini kama Ibanda katika Bukavu na sheferi kama Luhwindja zilianza kuwaita raia ili wachague wenyewe kazi zitakazolipiwa na sehemu ya bajeti, na watu waliitwa hata kwa ujumbe wa simu. Tanzania nayo, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, imetumia njia iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kijiji hakianzi kwa kuorodhesha misiba yake. Huanza kwa kuhesabu kilicho nacho, yaani ardhi, maji, mikono na ujuzi, kisha hutazama kinachozuia. Na mwisho ni mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wote waliotimiza miaka 18, unaokubali au kukataa.

MPANGO SI JIWE

Twafika sasa penye ugumu mkubwa. Mpango umetungwa vizuri, umepitishwa, umebandikwa ukutani. Kisha dunia yageuka. Je, tushike karatasi, au tuitupe?

Sake yajua swali hilo kuliko miji mingi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka. Siku tano baadaye wakuu waliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke kwa kuhofia mlipuko mwingine, na njia waliyoonyeshwa ilikuwa ya Sake. Maelfu kwa maelfu wakaingia kwa siku moja katika mji ambao maji yake hayakuwatosha hata wenyeji. Mwezi wa Februari 2024 mambo yakageuka kinyume: vita vilikaribia, na watu wa Sake wenyewe wakakimbilia kambi za upande wa Goma. Januari 2025 Sake ikaingia mikononi mwa M23, kisha Goma nayo. Mwezi wa Februari kambi zile zikavunjwa, na wengi wakarudi makwao. Na wako waliokuta nyumba zimebomolewa na mashamba yamejaa hatari ya mabomu.

Hata Bisie, tuliyoitaja juu, ilisimamisha kazi kwa majuma kadhaa mwezi wa Machi 2025 kwa sababu ya vita. Sekta iliyoweka matumaini yote juu ya ushuru wa bati ilipaswa kukata mpango wake upya.

Basi ni wazi kwamba mpango usioweza kurekebishwa ni mpango uliokufa. Lakini kuna hatari nyingine, nayo ni mbaya vile vile. Ni ule mpango unaorekebishwa kila siku, usiku, na mtu mmoja. Jana kisima kilikuwa cha kijiji hiki; leo kimehamia nyuma ya nyumba ya mkubwa, nasi twaambiwa, "Mpango umebadilika." Nani aliubadili? Lini? Kwa sababu gani? Hakuna ajuaye. Kijiji kilichotendewa hivyo mara moja hakitakuja barazani mara ya pili.

Tazama jinsi majirani zetu wa Kenya walivyojaribu kuziba shimo hilo. Sheria yao ya kaunti ya mwaka 2012 yataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka mitano, na pia mipango ya miaka kumi. Yakubali kwamba mpango waweza kurekebishwa, lakini yaweka masharti. Wakuu watendaji lazima waandike sababu zao. Pendekezo lazima litangazwe, na watu wapewe siku zisizopungua 21 ili watoe maoni. Wajumbe wa baraza lazima wajulishwe mapema. Na mwisho, ni baraza lenyewe linalokubali kwa azimio. Si mkuu wa ofisi peke yake. Hata huko sheria haitimizwi kila mara, lakini raia ana kipimo cha kupimia.

Turudi kwenye lile eneo letu la mfano. Mwaka wa kwanza chemchemi imejengwa. Mwaka wa pili ni zamu ya daraja, na kijiji cha ng'ambo kimekwisha kuleta mawe, watu wakiyabeba vichwani siku za kazi ya pamoja. Ghafula familia 300 za wakimbizi zaingia. Darasa la wanafunzi 50 lina 110. Vyoo vyajaa, wauguzi wahofia kipindupindu. Wakuu wataka fedha za daraja ziende kwenye vyoo na maji.

Je, wana haki? Huenda wanayo. Lakini wakifanya kimya kimya, wale waliobeba mawe watasema wametapeliwa, na watawachukia wakimbizi ambao hawakuomba lolote. Njia iliyo njema ni kuitisha baraza tena. Muuguzi aeleze hatari kwa hesabu. Watu wa daraja wapewe nafasi ya kusema uchungu wao, nao wasikatizwe. Kisha iandikwe hivi: daraja halikufutwa, limehamishwa kutoka mwaka wa pili mpaka mwaka wa nne; mawe yamehesabiwa na yatalindwa; sababu ni hii; tarehe ni hii; waliotia sahihi ni hawa. Na ile karatasi ya kwanza isichanwe, bali itunzwe pamoja na ya pili, ili mtoto atakayesoma baadaye ajue nini kilibadilika.

Watu wa daraja watakwenda nyumbani wakiwa na huzuni, lakini hawatakwenda wakiwa wameibiwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na katika nchi kama yetu yaweza kuwa tofauti kati ya amani na mapanga.

NA KAMA HAKUNA BARAZA?

Msomaji mwenye macho atatuuliza: "Mwasema baraza lipitishe mpango na kuurekebisha. Liko wapi?" Swali ni la haki. Tangu Katiba ya 2006, uchaguzi wa wajumbe wa mabaraza ya sekta na sheferi haujafanyika. Tarehe 20 Desemba 2023 wajumbe wa baadhi ya komini walichaguliwa katika Kongo, lakini katika teritwari za Masisi na Rutshuru kura haikupigwa kabisa kwa sababu ya vita. Tena tangu tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura iliweka wakuu wa kijeshi na wa polisi mahali pa gavana, mameya na wasimamizi wa teritwari wa Kivu ya Kaskazini. Halafu likaja geuzo la mwaka 2025.

Kwa hiyo mara nyingi karatasi imekosa mzazi wake wa kisheria. Waliotaka kutenda kwa haki walikusanya mahali pake mkutano wa wajumbe wa vijiji, wa wanawake, wa vijana, wa shule, wa dini na wa wafanya biashara, wakausomea mpango na kuuomba ukubali. Mkutano huo haulingani na baraza lililochaguliwa. Lakini ni bora mara nyingi kuliko sahihi ya mtu mmoja.

Wengine watasema: "Wakuu hubadilika kama mawingu, mpango una faida gani?" Twajibu hivi. Wakuu hubadilika, lakini chemchemi iko pale pale, na bonde la mazuku liko pale pale. Kijiji kinachojua shida zake kwa utaratibu, kilichoziandika na kutunza nakala, chaweza kusema neno moja mbele ya mkuu yeyote na mbele ya shirika lolote lijalo na msaada. Kijiji kisichojua hupokea anacholeta mgeni. Akileta mbegu wakati wa kiangazi, kitapokea. Akijenga choo cha tatu mahali penye viwili, kitapiga makofi. Na vita vikichoma ofisi, nakala iliyofichwa katika sanduku la mwalimu au la katekista yaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

KAZI YETU SISI

Basi, baba na mama wa nyumba, baraza likiitwa, nendeni. Msiache nafasi yenu wazi, kwa maana nafasi iliyo wazi hujazwa na mtu. Baba asiende peke yake na kumwacha mama, kwa kuwa nusu ya habari za nyumba ziko kwa mama. Mkifika, ulizeni maswali matatu, kwa heshima lakini bila hofu: Mpango uko wapi, twaweza kuusoma? Fedha ngapi zimeingia mwaka huu, nazo zimefanya nini? Na kama jambo limebadilishwa, nani alilibadili, lini, na kwa sababu gani?

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba hamna kazi kwa kuwa hamjafikia umri wa kura. Ninyi mwajua kusoma na kuhesabu, na nyumbani kwenu huenda yuko bibi asiyejua. Msomeeni. Chukueni daftari, andikeni chemchemi zote za mtaa wenu, zile zinazokauka na zile zisizokauka. Andikeni mabonde ambayo wazee huwakataza kuchunga mbuzi asubuhi. Siku moja watu watakuja kuuliza habari hizo ili watunge mpango, na daftari lenu litafaa kuliko ramani iliyochorwa na mtu asiyewahi kupanda milima ya Masisi.

Nao wenye kuongoza, wakubwa kwa wadogo, wakumbuke mawe ya daraja. Mtu aliyebeba jiwe kichwani kwa ajili ya mpango anadai kuelezwa mpango unapogeuka. Akielezwa, atabeba jingine.